Njia fupi ya msituni na shangazi anayeijua miti

Jumamosi iliyopita nilitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Freiburg, nikapitiliza moja kwa moja stesheni. Nilipanda treni ya kwenda Hinterzarten, mji mdogo wa milimani kusini-magharibi mwa Ujerumani. Ni mwendo wa kama nusu saa, treni inakwea bonde jembamba lenye majabali pande zote mbili, na ukishuka unakuta hewa ya baridi inayonikumbusha Lushoto alfajiri. Si mbali na stesheni ipo njia ya kuzunguka kinamasi cha msituni. Ni fupi, haina mwinuko wa kukata pumzi, na inakurudisha pale pale ulipoanzia. Pale ardhi inapotota maji wametandika mbao za kukanyagia. Kwenye njia panda kuna kibao chenye alama ya njano, pembe nne, imesimama kwa ncha. Ukiifuata alama hiyo hupotei.

Nilipishana na bibi wawili wenye fimbo mikononi, na baba aliyembeba mtoto mgongoni. Wote walinisalimia. Aliyeishi huku ananielewa: mtaani unaweza kupanda tramu moja na mtu miezi sita msitazamane usoni, lakini mtu huyo huyo akishaingia msituni anakuamkia kama jirani. Mtu aliyekulia Usambara hilo halimshangazi. Kwetu njiani humpiti binadamu kama unapita mti.

Niseme kinachonichoma. Misitu yao, kwa uzuri, haifikii yetu. Sehemu kubwa ya milima hii ni misonobari ya aina moja iliyopandwa na watu, safu kwa safu, kimya. Usambara ukitembea robo saa umepita miti ya kila namna, kima wanarukaruka juu, mbega wananguruma bondeni, na kinyonga amekaa kwenye tawi anakutazama kwa jicho moja. Wanasayansi wanaiita milima hiyo sehemu ya Tao la Mashariki, yaani safu ya milima ya Tanzania na Kenya, na wanatoka pembe zote za dunia kuja kuisoma. Walichotuzidi Wajerumani ni kwamba msitu wao una mlango ulio wazi kwa mtu wa kawaida. Sheria yao ya misitu ya mwaka 1975 inamruhusu yeyote kuingia msituni kwa miguu kupumzika, hata kama msitu ni mali ya mtu binafsi. Na zile alama za njano hazikupigiliwa na serikali. Ni kazi ya chama cha watembeaji wa Schwarzwald, ndiyo milima hii yenyewe, kilichoanzishwa mwaka 1864, na hadi leo wanachama wanajitolea kuzunguka na nyundo na rangi, mmoja ana kipande chake, mwingine chake. Fundi bomba, mwalimu mstaafu, watu wa namna hiyo.

Sasa nirudi nyumbani. Desemba nilikuwa likizo. Nilichukua watoto wawili wa kaka yangu kutoka Tanga mjini, mmoja ana miaka tisa, mwingine kumi na mbili. Raskazone wanaijua, Mapango ya Amboni wamekwenda na shule, lakini msitu wa mlimani hawajawahi kuukanyaga, na baba yao amezaliwa huko huko. Tulipanda basi hadi Mombo, tukakwea kona zile za Soni mpaka Lushoto, tukalala kwa shangazi. Asubuhi nikamwambia, "Shangazi, twende tukatembee msituni." Akaniuliza, "Kuna kuni gani huko za kukutoa wewe Ulaya?"

Nilimbembeleza, akajifunga kanga, tukatoka kwa njia ya juu inayoelekea upande wa Magamba. Hatukufika mbali tukakutana na mzee aliyejitwika mzigo wa majani ya ng'ombe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mwaenda wapi?"

"Twatembea tu."

"Mwatembea tu, wapi?"

Nilikosa jibu. Mzee akashusha mzigo, uso umebadilika, akamgeukia shangazi taratibu: "Kuna msiba?" Shangazi akamwambia hapana, huyu mtoto katoka mbali, ataka kuona miti. Mzee akafikiri. Kisha akasema, "Basi mpeleke kwenye mkulo ule wa chini, ule wa zamani. Msifuate njia hii ya kulia, ina utelezi." Akatuonyesha kwa mkono, akasubiri mpaka akahakikisha tumeingia njia sahihi.

Tukaupata mti huo wa mkulo. Watu wanne wasingeweza kuukumbatia wakakutana mikono. Mingi ya aina yake ilishakatwa zamani kwa ajili ya mbao. Shangazi akaokota jani lililodondoka, akalilaza kiganjani ili watoto waone: juu kijani kilichokolea, chini jeupe kama limepakwa unga. Akalifikicha, akawanusisha. "Yanuka dawa ya kuchua," yule mdogo akasema. Shangazi akafurahi, akaanza. Huu mshai. Ile tughutu, twalaza majani yake shambani udongo upate nguvu. Magome ya huu ni dawa ya tumbo. Kule chini hatukuwa twaingia bila ruhusa ya wazee, ni mahali pa matambiko. Kwa saa nzima hakurudia jina. Na mimi niliyekulia nyumba ile ile sikuwa nalijua hata robo ya aliyoyataja, kwa kuwa utotoni msitu kwangu ulikuwa mzigo wa kuni kichwani na kuwahi kurudi kabla ya giza.

Kwenye njia ile hapakuwa na kibao hata kimoja. Siku mbili baadaye tulijaribu hifadhi moja mkoani humo humo, sitaitaja. Getini tukaambiwa turudi mjini kwanza kuchukua risiti, na ofisi ilikuwa imefungwa kwa sababu ni Jumamosi. Sina ugomvi na ada. Msitu unahitaji walinzi na raia tunalipa kidogo kuliko mgeni. Lakini wale watoto walirudi Tanga wakiamini msitu ni mahali pa kuombea kibali, pa Wazungu wenye mabuti na muongozaji. Hiyo inaniuma kuliko nauli.

Kwenye dirisha la bibi mmoja ninayemhudumia hapa kuna chungu cha maua ya zambarau. Wajerumani wanaliita ua hilo kwa jina la Usambara. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyekuwa kwetu, von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ulaya, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Wendland akalipa kwa Kilatini jina la ukoo wa mtawala huyo. Leo lipo madirishani dunia nzima. Bibi alipojua natoka milima hiyo alinishika mkono akalia. Nami nilishindwa kumwambia kwamba sijawahi kuliona likiota lenyewe kwenye mwamba wake, kivulini, karibu na maji. Nimeliona hapa kwake mara ya kwanza.

Ndiyo maana nasema Lushoto inahitaji njia moja fupi, ya kuzunguka na kurudi, ya watoto wa shule na wazee wenye magoti, isiyomzuia mama anayepita na kuni zake wala mzee na majani ya ng'ombe. Na vibao vyake viandikwe Kisambaa na Kiswahili, pamoja na kile ambacho akina shangazi wanakijua, sasa, wakiwa hai. Shangazi yangu amepita sabini. Yule mzee ni mkubwa kwake.

Nimeshaanza. Kila Jumapili shangazi ananitumia sauti kwenye simu, mti mmoja au miwili, nami naandika kwenye daftari. Yamefika majina thelathini na moja. Mbao na rangi nitagharamia mimi. Ninachotafuta ni mtu wa kijijini wa kulifikisha jambo hili kwenye serikali ya kijiji na kwa watu wa misitu, na kijana mwenye mkono mzuri wa kuandika herufi. Tuanze na kile kipande cha kutoka njia panda mpaka kwenye mkulo. Ni mwendo wa dakika ishirini, na pale penye utelezi, upande wa kulia, kibao cha kwanza kikae hapo.