Usiniulize kwanini, niulize inakuwaje

Kuna hii fomu inaitwa PHQ-9, kama umewahi kwenda kwa daktari ukasema hulali vizuri au hakuna kitu kinachokupa raha tena basi inawezekana ulipewa ukaijaza. Maswali 9, kila moja unajibu kwa wiki 2 zilizopita, kuanzia 0 mpaka 3, ukijumlisha alama ya juu kabisa ni 27 na kwa kawaida ukifika 10 wanaanza kukuangalia kwa makini kama una sonona, yani ule ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa raha. Mi sina ugomvi nayo, inafanya kazi yake tena haraka. Ila siku moja isome taratibu. Swali la usingizi linauliza kama unapata shida kulala AU unalala kupita kiasi, yani vyote viwili humo humo. La chakula hivyo hivyo, huna hamu ya kula au unakula mno. La nane linauliza kama umekuwa mzito kutembea na kuongea mpaka watu wakaona, au kinyume chake, hutulii, unazunguka tu. Sasa chukua watu wawili, mmoja yuko macho usiku kucha anazunguka chumbani na chakula hakigusi, mwingine analala mchana na usiku, akiamka ni kula tu na kuinua mkono kwake ni kazi nzito. Kwenye maswali hayo 3 wanaweza kutoka na alama zile zile kabisa. Karatasi inasema wako sawa!

Hapo ndipo mi naona falsafa inapata kazi ya maana. Najua ukitaja falsafa watu wanawaza wazee wanaobishana kama meza ipo au haipo, lakini kuna tawi lake linaitwa fenomenolojia, Edmund Husserl ndo aliliweka sawa mwanzoni mwa karne ya 20, na shughuli yake kubwa ni kueleza jinsi mambo yanavyomtokea mtu mwenyewe, muda unavyopita kwake, mwili anavyousikia, watu wengine anavyowaona, kabla hujakimbilia kusema chanzo ni nini. Yale unayodhani unayajua unayaweka pembeni kwanza. Karl Jaspers, daktari wa magonjwa ya akili kule Heidelberg, aliidaka mapema sana hii, mwaka 1913 akiwa na miaka 30 tu akatoa kitabu kikubwa ambacho kinatenganisha mambo mawili, kuelewa mgonjwa anapitia nini na kueleza ugonjwa umesababishwa na nini. Baadaye udaktari aliuacha akawa profesa wa falsafa kabisa.

Sasa falsafa peke yake chumbani haikufikishi popote, lazima uende ukaongee na watu, na kuhoji watu kuna namna yake. Wengi wanaharibu kwenye swali la kwanza tu. Ukimuuliza mtu "kwanini unajisikia hivyo" unamlazimisha akupe nadharia, na nadharia anazo, amezikusanya kwa daktari, kwa ndugu, kwenye simu usiku, atakwambia ni stresi, ni homoni, ni malezi, na huenda yote ni kweli, lakini hapo umepata maelezo kuhusu maisha yake, maisha yenyewe bado hujayasikia. Muulize inakuwaje. Halafu mshike kwenye wakati mmoja, siku moja, chumba kimoja, asikujibu kwa jumla jumla.

Tuseme mazungumzo yanaenda hivi:

"Nimechoka tu. Sina nguvu."
"Leo asubuhi ulivyofungua macho, huo uchovu ulikuwaje?"
"Nilikuwa naangalia glasi ya maji mezani."
"Eeh."
"Kiu nilikuwa nayo. Ila ile glasi... sijui nisemeje. Ipo tu. Haikuwa kitu cha kunywa. Kama imechorwa ukutani."

Unaona hapo? Fomu ingemwandika "uchovu, 3" ikasonga mbele. Kumbe mkono wake unafanya kazi vizuri, kilichobadilika ni kwamba vitu vimeacha kumvuta, glasi haimwambii njoo ninywe. Matthew Ratcliffe, mwanafalsafa wa Uingereza, mwaka 2015 alitoa kitabu kuhusu sonona ambacho amekijenga kwa sehemu kubwa juu ya maelezo ya watu walioipitia wenyewe, na hoja yake mojawapo kubwa ni hiyo hiyo, kwamba kinachopotea ni ile hisia kuwa kuna kitu kinawezekana, kesho inaweza kuwa tofauti na leo. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa namna hiyo "jipe moyo, yatapita" unamwomba atumie kile kile alichopoteza. Thomas Fuchs naye, huyu ni daktari na mwanafalsafa kwa pamoja, kaandika sana jinsi muda unavyogoma kusogea kwa mtu mwenye sonona na mwili unavyogeuka kuwa mzigo wa kubebwa. Ukiyajua haya unaanza kusikia vitu kwenye mahojiano ambavyo zamani vingekupita sikioni.

Lakini kuna kitu kinaniudhi kwenye haya mambo na nakisema wazi. Kuna wasomi wanaingia kwenye mahojiano nadharia wameshaikamilisha kichwani, wanachotafuta ni sentensi mbili tatu tamu za kupambia kurasa. Utawasikia, "kwa hiyo ni kama uko kwenye shimo, sio?" na mtu kwa adabu anaitikia ndiyo, afu shimo linaingia kwenye maandishi, mwisho tunaambiwa wahojiwa walilitaja shimo. Walitajiwa! Mi kipimo changu ni rahisi tu, mwanafalsafa akitoka kwenye mahojiano bila wazo lake hata moja kuyumba basi amepoteza muda wa mtu.

Hata Jaspers mwenyewe simwachii. Alisema kuna imani fulani za kwenye saikosisi, yani hali ya akili kupoteza mguso na uhalisia, ambazo haziwezi kueleweka kabisa, unaweza kuzieleza chanzo chake tu, na naona hilo liliwapa madaktari wengi ruhusa ya kuacha kuuliza mapema mno. Waliokuja baadaye wameusukuma huo ukuta, mfano daktari wa magonjwa ya akili Josef Parnas na wenzake mwaka 2005 walitoa mwongozo wa mahojiano unaoitwa EASE, unaulizia yale mabadiliko madogo madogo ya mtu kujihisi yeye ni yeye, kwamba mawazo yangu hayaonekani kama ya kwangu, nipo hapa lakini kama sipo, na ni mahojiano ya kukaa na kuongea, sio ya kuweka tiki. Watu waliodhaniwa hawaelezeki kumbe walikuwa na mengi ya kusema, shida ilikuwa maswali.

Na shida nyingine ni nani anaaminiwa. Mwanafalsafa Miranda Fricker mwaka 2007 aliandika kuhusu dhuluma ya kutoaminiwa kama mtu anayejua kitu, unaongea ila neno lako linashushwa thamani kwa sababu ya wewe ni nani. Yeye hakuwa anazungumzia wagonjwa wa akili hasa, ila wapo wanafalsafa walioichukua hoja hiyo wakaipeleka huko na inakaa sawa sana. Ukishaandikiwa jina la ugonjwa kwenye faili, ukikasirika ni dalili, ukikaa kimya ni dalili, ukisema dawa inakufanya ujihisi mfu wanaandika "hana utambuzi wa hali yake". Mahojiano mazuri yanampa mtu nafasi ya kusema hapana, sivyo, umenielewa vibaya, na hiyo hapana inaandikwa.

Ndo maana nilifurahi mwaka 2022 jarida la World Psychiatry lilipochapisha makala kuhusu saikosisi ambayo waliopitia saikosisi waliiandika pamoja na watafiti. Waandishi kabisa, sio majina ya bandia kwenye nukuu. Mi ningetaka iwe kawaida, mtu aliyehojiwa aione rasimu, akatae maneno asiyoyatambua, na alipwe kwa muda wake, maana kukumbuka vitu hivyo ni kazi na inachosha.

Sasa najua atakuja mtu aseme yote hayo mazuri lakini nesi ana dakika 10 na foleni nje imefika getini. Sawa kabisa, hakuna anayesema afanye mahojiano ya saa 2. Fomu ajaze. Ila kwenye zile dakika 10, badala ya kusoma swali la usingizi na kuweka alama, akauliza tu "usiku ukiwa macho, inakuwaje?" kisha akanyamaza nusu dakika bila kumalizia sentensi ya mgonjwa, na jibu akaliandika kwa maneno ya mwenyewe pembeni ya ile alama, daktari anayefuata atakuwa na kitu cha kuanzia.