Mchango wa Hospitali Nao Ni Kodi

Simu yangu ina vikundi vitatu vya WhatsApp vya michango ya hospitali. Kimoja ni cha mjomba, ambaye figo zake ziliacha kufanya kazi miaka miwili iliyopita. Cha pili ni cha jirani tuliyekaa naye mtaa wa Umoja. Cha tatu, mgonjwa mwenyewe alishafariki, lakini mweka hazina anaendelea kututumia orodha kila Ijumaa, kwa kuwa familia ilipewa mwili kwa ahadi kwamba deni litalipwa. Orodha zote zinafanana: jina, kiasi, alama ya tiki. Muuza mitumba wa Gikomba, 200. Binamu anayefanya kazi za nyumba Kilimani, 100. Yule wa benki, 2,000. Na chini kabisa, kwa herufi nzito, kiasi kilichosalia.

Orodha hizi hunijia akilini kila nisikiapo watu wakibishana kuhusu nani agharamie afya nchini Kenya. Kuna wanaoshikilia kwamba matibabu ni jukumu la serikali na yalipiwe kwa kodi, basi. Kuna wanaojibu kwamba serikali imepewa nafasi tangu uhuru ikashindwa, kwa hiyo afadhali kila mtu ajilipie kupitia bima, na hospitali za kibinafsi zifanye kazi ambayo zimeonyesha zinaiweza. Mjadala huu una uzito pande zote mbili. Ila tunapotaja malipo ya kibinafsi hapa Nairobi, tunawaza Aga Khan, Nairobi Hospital na kadi ya bima iliyotolewa na mwajiri. Kwa watu wengi wa jiji hili malipo ya kibinafsi ni ile orodha ya Ijumaa. Karibu robo ya fedha zote zinazotumika kwa afya nchini hutoka moja kwa moja mfukoni mwa mgonjwa na jamaa zake, na hutoka siku ile mbaya kabisa, wakati mgonjwa hawezi kufanya kazi wala familia haiwezi kukataa bei.

Hatujakosa kujaribu. Taifa lilipozaliwa tulitajiwa maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi, na mwaka 1965 ada ya shilingi tano iliyokuwa ikitozwa katika hospitali za serikali ikaondolewa. Mwaka uliofuata ikaundwa NHIF, bima ya taifa ya hospitali, kwa ajili ya wenye mishahara. Desemba 1989, hazina ikiwa imekauka na wakopeshaji wa nje wakisukuma, ikaja sera ya kugawana gharama, na mgonjwa akarudi dirishani na pesa mkononi. Mwaka 2004 ada ikashushwa hadi shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye kituo cha afya. Mwaka huohuo Waziri Charity Ngilu alipitisha bungeni mswada wa bima ya afya kwa wote, Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi. Mwaka 2013 ada za zahanati na vituo vya afya zikafutwa, na kujifungua katika hospitali za umma kukawa bure. Oktoba 2024 NHIF ikazikwa, ikaingia Mamlaka ya Afya ya Jamii, hii tunayoiita SHA.

Hoja ya bima ina nguvu, na mimi niliielewa vizuri nilipopiga hesabu ya mjomba. Anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. SHA hulipa hospitali shilingi 10,650 kwa kila zamu, yaani 21,300 kwa wiki, yaani zaidi ya milioni 1.1 kwa mwaka. Mfanyakazi wa mshahara wa 40,000 hukatwa asilimia 2.75, ambayo ni 1,100 kwa mwezi na 13,200 kwa mwaka. Kwa hiyo matibabu ya mjomba peke yake yanakula makato ya mwaka mzima ya wafanyakazi 84 wa aina hiyo. Ukichukua kaya zinazolipa kile kiwango cha chini cha 300 kwa mwezi, zinahitajika zaidi ya 300, na wote hao wasiugue hata homa. Hakuna harambee inayoweza kubeba mzigo huo. Wiki ya kwanza watu walichanga 46,000. Kufikia mwezi wa nne tulikuwa tunapata 3,000, na si kwa sababu watu walimchoka mjomba. Walikuwa wameishiwa. Anayetetea bima anaposema kwamba wazima wengi lazima wachange kabla ya wagonjwa wachache kuugua, anasema kweli tupu, na mjomba yu hai kwa sababu ya kweli hiyo.

Kuna jingine la kuisifia sheria mpya, ile ya 2023 iliyoleta SHA. Chini ya NHIF, aliyepata laki moja na aliyepata milioni moja walilipa 1,700 sawasawa. Sasa hakuna kikomo, na mwenye kikubwa anatoa kikubwa.

Lakini bima ya namna hii inamtaka mtu awe na hati ya mshahara. Zaidi ya wanane kati ya kila kumi wenye kazi nchini wako katika sekta isiyo rasmi: bodaboda, mama mboga, fundi, kibarua wa mjengo. Hao SHA haiwezi kuwakata, kwa hiyo inawauliza maswali. Nyumba yako ina paa la nini? Choo ni cha aina gani? Maji unatoa wapi? Unafuga? Kutokana na majibu hayo mfumo unakadiria uwezo wa kaya, kisha unadai malipo ya mwaka mzima kwa mkupuo. Nilikuwepo mama mmoja anayeuza sukuma wiki karibu na kituo chetu cha matatu alipojiandikisha. Alijibu kila kitu kwa uaminifu. Anakaa nyumba ya mawe ya kupanga, chumba kimoja, maji ya mfereji wa ploti, choo cha kuvuta wanachotumia wapangaji wanane. Kwa mfumo, mtu mwenye ukuta wa mawe na choo cha kuvuta ana uwezo. Alitakiwa kulipa karibu 7,000. Aliitazama ile simu, akairudisha kwenye aproni, akaendelea kukata sukuma.

Mwanamke huyu huambiwa halipi kodi. Analipa. Analipa akinunua muda wa maongezi, akinunua sabuni yenye VAT ya asilimia 16, akipanda matatu inayotumia mafuta yaliyotozwa ushuru. Na hata kile kiwango cha chini cha 300 kina dhuluma yake: ni asilimia 2.75 ya mapato ya takriban 10,900 kwa mwezi, kwa hiyo kila anayepata chini ya hapo anatoa sehemu kubwa zaidi ya kipato chake kuliko mbunge.

Matokeo yake yalitarajiwa. Waliojiandikisha SHA wamepita milioni 20, ila wasio na mwajiri wanaolipa mwaka baada ya mwaka ni wachache, na wanaojitahidi kulipa aghalabu ni wale ambao tayari wana mgonjwa nyumbani. Mfuko ambao wazima wanaukwepa na wagonjwa wanaukimbilia hauwezi kusimama. Hilo ndilo lililoichosha NHIF, ambayo iliacha nyuma yake madeni ya mabilioni kwa hospitali, na nahofia SHA imeshaanza kupita njia hiyohiyo. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza, na nililipokea kwa furaha, lakini yule mama wa sukuma hamo. Kwa mfumo yeye anajiweza.

Basi tulipe kwa kodi, kama Uingereza ilivyofanya tangu Julai 1948? Hapa ndipo wanaopinga hunibana, na nakubali wana ushahidi. Desemba 2018 serikali iliondoa ada katika hospitali za kaunti nne, Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos, kama majaribio. Wagonjwa walifurika, wengine wakivuka kutoka kaunti jirani, na muda si muda dawa zikapungua na foleni zikarefuka. Huduma ilikuwa bure, lakini karatasi ya dawa ilikuandikia ununue nje. Mwaka 2001 pale Abuja viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kenya haijawahi kuifikia. Pesa ya kodi haina jina juu yake: inaingia kapu moja na deni la taifa, barabara na mishahara, na Hazina Kuu ikibanwa, hospitali ya kaunti ndiyo husubiri. Makato ya bima angalau yana anwani.

Na pesa ya umma huvuja. Seneti ilichunguza mkataba wa vifaa vya hospitali wa mwaka 2015, wa takriban bilioni 38, na kukuta mashine zimekaa kwenye makasha kwa kukosa umeme au mtaalamu wa kuziendesha. Machi 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu Nancy Gathungu alieleza kwamba mfumo wa kidijitali wa SHA, wa shilingi bilioni 104, si mali ya serikali. Anayeniuliza kwa nini nataka kuipa serikali pesa zaidi hanionei.

Ila wizi haubagui. Mwaka huohuo wa 2025 Waziri wa Afya Aden Duale alisimamisha makumi ya vituo, vingi vya kibinafsi, kwa kudai malipo ya wagonjwa ambao hawakuwahi kulazwa. Hata malipo yenyewe yana mtego: kujifungua kwa kawaida hulipiwa 10,000, kwa upasuaji 30,000. Sidai kwamba daktari anashika kisu kwa ajili ya tofauti hiyo. Nadai kwamba hatupaswi kumweka mahali ambapo mama atalazimika kujiuliza.

Haki ya hospitali za kibinafsi pia isemwe. Mtaani kwetu saa nane za usiku kilicho wazi ni kliniki ya ghorofa ya kwanza juu ya duka la simu, inayoendeshwa na tabibu mmoja na muuguzi mmoja. Madaktari wa umma walipogoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, na tena siku 56 mwaka 2024, ni kliniki kama hizo na hospitali za makanisa zilizotushika mkono. Februari 2025 hospitali za kibinafsi zilipositisha huduma za SHA kwa sababu ya madeni, wengi waliziita katili. Mwenye kliniki ya vitanda 12 anadaiwa kodi ya nyumba, anadaiwa dawa, anadaiwa mishahara. Anayemnyima malipo miezi sita anamfunza kudai pesa taslimu mlangoni.

Upande wa umma nao una doa lake. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia wanawake wawili Pumwani kwa kushindwa kulipa gharama za kujifungua kulivunja haki zao. Pumwani ni hospitali ya umma. Ilitenda hivyo kwa sababu iliwekwa katika biashara ya kukusanya ada. Mfuko ukiwa tupu na hospitali ikaambiwa ijitafutie, bango la mlangoni, liandikwe ya umma au ya kibinafsi, halisaidii kitu.

Kwa hiyo swali langu limehama kutoka kwa mmiliki wa hospitali hadi saa ya malipo. Pesa itoke kabla ya ugonjwa au baada yake? Nikiweka swali hivyo, naona kwamba sheria ya 2023 ina mpango mzuri kuliko utekelezaji wake. Ina mifuko mitatu: wa huduma za msingi, unaolipiwa na kodi, kwa zahanati na vituo vya afya, wa bima, unaotokana na michango, na wa dharura na magonjwa sugu, wa kodi tena. Mfuko wa msingi ndio unaomhusu yule mama wa sukuma. Kiwango kilichowekwa ni shilingi 900 kwa kila mtu kwa mwaka. Tulihesabiwa milioni 47.6 mwaka 2019, kwa hiyo inahitajika karibu bilioni 43. Bajeti ya 2025/26 iliutengea bilioni 13.1. Mtu akiniambia huduma kwa kodi imeshindwa Kenya, nitamwonyesha tarakimu hizo mbili kwanza. Tumelipia chini ya theluthi ya kitu, kisha tunashangaa kimefika nusu.

Msimamo wangu ni kwamba mfuko huo ujazwe kabla ya kingine chochote, na asiye na mshahara aache kukimbizwa na maswali ya paa na choo. Usumbufu wa kuwasaka ni mkubwa kuliko kinachopatikana, na kodi wanayolipa tayari iwatoshe kuingia wodini. Wenye mishahara tuendelee kukatwa. Hospitali ya kibinafsi iliyohakikiwa ilipwe ndani ya muda uliowekwa na sheria, na isipolipwa deni lizae riba juu ya mamlaka yenyewe.

Jumatano iliyopita nilimsindikiza mjomba. Amechomelea mageti miaka thelathini, na alama za vidole vyake zimefutika kwa moto na msasa. Mashine ya utambulisho ilikataa kidole gumba, ikakataa cha shahada. Mke wa mjomba alitoa vazelini ndogo mkobani, akampaka, akampangusa kwa leso, wakajaribu tena. Kidole cha nne kilikubali. Karani alisema wiki ijayo aje mapema zaidi, maana akikosa kutambuliwa atalipa 10,650 mwenyewe.

Mimi hulipwa 60,000. NHIF ilinikata 1,300 kwa mwezi, SHA inanikata 1,650. Ofisini tunalalamika, na malalamiko mengi ni ya haki. Ila zile 350 zilizoongezeka ni chini ya nilichokuwa nikituma kila Ijumaa kwenye kikundi cha mjomba, na kikundi hicho hakijaomba mchango tangu Machi.