Nguva wa Crystal River na wageni wao

Nguva wa Florida ana uzito wa karibu nusu tani, na ukimtazama unadhani ni mafuta matupu. Kumbe tabaka lake la mafuta ni jembamba na mwili wake hauzalishi joto la kutosha. Maji yakikaa siku kadhaa chini ya nyuzijoto 20, ngozi inatoka vidonda, anaacha kula, anakufa. Ndiyo maana baridi ikianza, mamia yao hukimbilia Crystal River, mji wa Florida, ambako chemchemi hutoa maji ya nyuzijoto 22 mwaka mzima. (Nguva wa kwetu, wa Rufiji na Mafia, ni wa jamii nyingine, na siku hizi wavuvi wengi wanamjua kwa kusimuliwa tu.)

Eneo hilo ndilo pekee Marekani ambako sheria inaruhusu kuogelea na nguva. Kukipambazuka boti zinatia nanga, watu wanashuka na suti nyeusi za kuzamia. Chini yao nguva amelala. Kila baada ya dakika kadhaa anapanda kama mtu anayetembea usingizini, anatoa pua, anavuta pumzi, anazama tena. Kumfukuza, kumlisha au kumwamsha ni kosa. Lakini watu ishirini wakielea juu yake, hakuna haja ya kumgusa ili aondoke, na akiondoka pale kinachomsubiri ni maji baridi.

Wenye boti, wanaotaka kuogelea huko kuendelee, wana hoja, tena nzito. Aliyeona kwa macho yake makovu ya propela mgongoni mwa nguva hataendesha boti ovyo tena. Na mji unaoishi kwa nguva una sababu ya kumlinda: Three Sisters, chemchemi iliyokuwa inanyemelewa na wajenzi wa nyumba, ilinunuliwa mwaka 2010 ikawa hifadhi, na tangu 2015 wenyeji wamekuwa wakifyonza tope kwenye ghuba ya mji huo na kupanda upya majani wanayokula nguva.

Upande wa pili, wasiotaka waogeleaji, wanaitaja Blue Spring, chemchemi nyingine ya Florida, kwenye mto St. Johns. Huko majira ya baridi haingii mwogeleaji wala boti; watu hutazama wakiwa ukingoni, kwenye njia ya mbao. Miaka ya 1970 walihesabiwa nguva 36. Januari 2024, kwa siku moja, 932. Marufuku peke yake haikuleta ongezeko hilo, maana nguva wameongezeka Florida nzima. Ila wageni wanafurika vilevile, na hakuna anayelowa.

Mimi naegemea Blue Spring, kwa sababu ya mitambo ya umeme. Zaidi ya nusu ya nguva wa Florida hupitisha baridi kwenye maji moto yanayotoka kwenye mitambo hiyo, nayo inazeeka. Mwaka 2021 walikufa nguva wapatao 1,100, wengi kwa njaa pwani ya mashariki, baada ya uchafuzi wa maji kuua majani yao. Baridi iliyofuata ikabidi wamwagiwe letusi kwa tani karibu na mtambo wa Cape Canaveral. Mitambo ikizimwa, wanaoijua njia ya chemchemi watazidi kujazana humo.

Leo Three Sisters hufungwa kwa waogeleaji siku za baridi kali, ikafunguliwa maji ya nje yakipata joto. Siku hizo za kufungwa zitalazimika kuongezeka. Wenye boti wangeanza sasa kuuza tiketi za kutazama kutoka ukingoni.