Epoksi au poliesta kwenye boti ya zamani: tunabishania kitu cha pili

Mtu akileta habari ya ufa kwenye boti yake ya tanga ya faibaglasi, zile za miaka ya 60 hadi 80, hazipiti dakika nyingi watu washagawanyika. Kuna wanaosema boti ilizaliwa na poliesta basi itibiwe na poliesta, na kuna wanaosema poliesta kwenye sehemu inayobeba mzigo ni kujidanganya, weka epoksi ulale usingizi. Zote mbili ni resini, yaani kimiminika kinachoganda na kushikilia nyuzi za faibaglasi. Mi niko upande wa epoksi, nalisema mapema msomaji ajue nimesimama wapi. Ila nikiusikiliza huo ubishi naona pande zote mbili wanang'ang'ania jambo la pili huku la kwanza halijaguswa, yaani ufa wenyewe umetoka wapi, na utasaga eneo kubwa kiasi gani kabla hujafungua kopo la resini.

Kwanza sio kila ufa ni wa kutisha. Ile ngozi ya nje yenye rangi, jelikoti, ina unene kama nusu milimita hivi na ndani yake hakuna nyuzi, kwa hiyo ikizeeka inakuwa ngumu na inapasuka kirahisi. Vile vimistari vinavyotawanyika kama utando wa buibui mara nyingi ni alama ya mahali palipogongwa, na vile vinavyokwenda sambamba sambamba ni alama ya sehemu inayonesa. Vingi vinaishia hapo hapo kwenye ngozi. Lakini kwa macho tu huwezi kujua, lazima ukwangue jelikoti uone kilichoko chini. Ukikuta faibaglasi imekaa rangi moja hadi chini, vizuri, ukikuta michirizi myeupe ujue nyuzi zimeanza kuachana na resini na hapo ndo tunaongelea ufa wa kweli. Nyundo ndogo ya plastiki nayo inasaidia, gonga taratibu usikilize, sehemu nzima inatoa mlio mkali na sehemu iliyoachana inaitika kwa sauti nzito iliyokufa.

Halafu angalia uko wapi. Ufa kwenye ukingo wa kiti cha nje sio sawa na ufa unaoanzia pale zinapofungwa waya za mlingoti, au kwenye shimo la mhimili wa usukani, au kwenye bodi, yaani ganda la boti, pembeni ya mkuku, ule uzito ulioko chini ya boti. Hata kwenye mkuku kuna tofauti, ule mstari unaojitokeza mbele pale mkuku wa risasi unapokutana na bodi, ambao mabaharia wa Marekani wanauita tabasamu la Catalina, mara nyingi ni pati tu, yaani kijazio, iliyopasuka kwenye maungio na dawa yake inaanzia kwenye kukagua na kukaza bolti. Ufa kama huo ukiwa kwenye bodi yenyewe, ndani ya nyuzi, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Sasa tuwape watu wa poliesta haki yao manake wana hoja, wanabezwa bure. Mafundi wa boti wametumia poliesta kwa miongo na miongo, kazi zao nyingi bado zinaelea. Poliesta inakusamehe kwenye vipimo, katalisti, ile dawa ya kugandisha, ukiweka asilimia 1 au ukafika 2 bado inaganda, inachobadilika ni kasi. Ile mati ya kawaida, yaani mkeka wa nyuzi zilizotawanywa, imeshikiliwa na gundi inayoyeyuka kwenye staireni, na staireni imo ndani ya poliesta, ndo maana mati inalainika na kulala vizuri hata kwenye kona. Na ukimaliza unapiga jelikoti juu yake bila wasiwasi. Eneo likiwa kubwa, gharama nayo inaongea, epoksi ni ghali zaidi kila mahali.

Ila kuna hoja yao moja siikubali hata kidogo, nayo ndo wanayoitegemea kuliko zote, kwamba poliesta mpya inaungana na ya zamani zikawa kitu kimoja. Hiyo ni kweli kiwandani, pale tabaka la pili linapowekwa juu ya la kwanza ambalo bado bichi. Poliesta iliyoganda miaka 40 iliyopita imeshamaliza mambo yake, haina cha maana cha kuunganika tena kikemia, kwa hiyo resini yoyote utakayoweka juu yake inafanya kazi ya gundi tu, inashika kwenye mikwaruzo ya msasa basi. Na kama swali ni gundi, poliesta inashindwa. Inasinyaa zaidi ikiganda, kwa hiyo inaanza maisha ikiwa tayari inavuta maungio, na inavumilia kuvutwa kidogo tu kabla haijapasuka. Epoksi inasinyaa kidogo sana, inavumilia zaidi, na inashika. Udhaifu wa ripea uko kwenye maungio ya faibaglasi ya zamani na mpya, hauko katikati ya kiraka, ndo sababu kubwa ya mimi kuwa upande huu.

Lakini epoksi nayo ina masharti yake na watu wake huwa hawayasemi kwa sauti. Vipimo vyake havina mchezo, ukiongeza hadina, dawa yake ya kugandisha, ukidhani itaganda haraka utapata kitu laini kisichokomaa milele. Nyingi zikiganda zinaacha utando wa mafuta mafuta juu, huo unaoshwa kwa maji ya kawaida na kitambaa kikali kabla ya msasa, ukianza na msasa unausugulia ndani na tabaka linalofuata halitashika vizuri. Jua linaila, lazima ifunikwe na rangi. Mati ya kawaida haifai sana kwa sababu ile gundi yake haiyeyuki kwenye epoksi, unahitaji kitambaa kilichoshonwa kama kile kinachoitwa 1708, chenye nyuzi zilizolala digrii 45 kila upande na mati iliyoshonewa mgongoni. Na la afya nalisema kwa uzito, epoksi ikigusa ngozi mara kwa mara mwili unaweza kuikataa, na ukishaikataa kila ukiisogelea unawashwa na kuvimba, wapo waliolazimika kuacha kazi hii. Glavu sio hiari. Na kwenye kusaga, resini yoyote ile, barakoa ya maana, vumbi la faibaglasi sio la kuvuta kwenye mapafu.

Sasa jambo la kwanza lenyewe. Tumekua tukiambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na mtu anachukua pati anaziba, kumbe ufa wa faibaglasi hauzibwi, unafunguliwa. Nyuzi zilizokatika zimekatika, resini peke yake kwenye ufa haibebi mzigo, kinachobeba ni nyuzi mpya zinazovuka ule ufa na kwenda mbali ya kutosha kila upande ili mzigo uhame taratibu kutoka kwenye faibaglasi ya zamani. Kipimo kinachotumika sana ni mteremko wa 12 kwa 1. Bodi ikiwa na unene wa milimita 8 unasaga karibu sentimita 10 kila upande, yaani eneo la sentimita 20 kwa ajili ya kimstari kama unywele. Hapo ndo watu wengi wanashtuka wanapunguza, wanaenda 4 kwa 1, wanachonga kamfereji wanajaza, kisha ripea ikibanduka wanalaumu resini. Poliesta kwenye mteremko wa 12 kwa 1 naiamini kuliko epoksi kwenye kamfereji, na nikisema hivyo wenzangu wa upande wa epoksi wananikasirikia.

Wanaopinga kusaga sana wana wasiwasi wa haki lakini. Unaharibu faibaglasi nzima kufuata ufa mdogo, na bodi ikiwa nyembamba unaweza kuipotezea umbo lake kabla hujairudishia nguvu. Kwa boti za mwanzo mwanzo kama Pearson Triton ya 1959, iliyochorwa na Carl Alberg, bodi ni nene na ni faibaglasi tupu, ina cha kusagwa. Kwa sitaha ya sandwichi, yenye balsa, mbao nyepesi sana, au povu katikati, ngozi ni nyembamba na maji yakishaingia kwenye balsa kazi inakuwa nyingine, unaondoa mbao iliyooza kwanza, na hakuna epoksi inayoshika kwenye kitu kilicholowa maji. Pale ufa unapofikika kutokea ndani, mi napenda kusaga kwa ndani tu, nje inabaki na umbo lake, hupotezi wiki nzima kusawazisha. Ila kiraka kisiwe kinene kupita kiasi. Watu wanadhani tabaka tano za ziada ni usalama, kumbe umetengeneza sehemu ngumu katikati ya bodi inayonesa, na ufa mpya unatokea pembeni ya kiraka chako kizuri.

Na hapo tunarudi kwenye chanzo. Mfano ufa kwenye bodi karibu na waya za mlingoti. Mara nyingi ukifungua makabati unakuta ukuta wa mbao wa ndani, ule unaobeba bamba la waya, umeoza chini kwa maji ya miaka, au faibaglasi iliyoufunga kwenye bodi imebanduka. Mzigo wa mlingoti uliokuwa unasambazwa na ukuta sasa unaivuta bodi peke yake. Ripea ya nje ikifanywa kwa ustadi wote wa dunia na ule ukuta ukaachwa, bodi itapasuka tena, safari hii sentimita kadhaa pembeni.

Yacht ya Cheeki Rafiki inafaa kutajwa hapa. Ilikuwa boti ya tanga ya aina ya Beneteau First 40.7, mwezi Mei 2014 ilipoteza mkuku katikati ya Atlantiki ikitoka Antigua kuelekea Uingereza, watu wanne wakafa. Haikuwa boti ya miaka 40, lakini ripoti ya wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza ya 2015 ilisema kupanda mwamba huko nyuma na ripea zilizofuata huenda vilidhoofisha maungio ya mkuku na ule mfumo wa mbavu za ndani uliogandishwa kwenye bodi. Na ikaeleza kuwa mbavu za namna hiyo zinaweza kubanduka bila mtu kugundua, hasa mkuku ukiwa bado umefungwa. Kwa hiyo boti iliyowahi kupanda mwamba na sasa ina ufa karibu na mkuku, swali la epoksi au poliesta lisubiri. Mkuku ushushwe, mkaguzi aingie aone. Akisema mbavu zimeachana na bodi na gharama ya kuzirudisha inapita thamani ya boti, mi naona ni heri ibaki nchi kavu, najua inavyouma kwa mtu aliyeipenda.

Kilichobaki ni kidogo. Chini ya mstari wa maji na popote penye mzigo, epoksi, kitambaa kilichoshonwa, mteremko kamili, rangi juu. Fundi mzoefu akikuambia anatumia vinilesta, resini nyingine, hapo usimkatalie, inashika vizuri kuliko poliesta na inapokea jelikoti bila shida. Jelikoti juu ya epoksi nayo inawezekana, mradi epoksi imekomaa kabisa, imeoshwa na kupigwa msasa, ingawa kupiga rangi ni rahisi zaidi. Kabati, kiti cha ndani, mfuniko wa sanduku la nanga, poliesta inatosha kabisa na hapo sibishani na mtu.