Halmashauri 296 za Saskatchewan: ziunganishwe au ziachwe?

Manitoba, jimbo la Kanada lenye mbuga za nyasi, ilishaamua. Sheria ya mwaka 2013 ilizilazimisha halmashauri zenye watu wasiofika 1,000 kuungana, na Januari 1, 2015 zikawa zimepungua kutoka 197 hadi 137. Jirani yake Saskatchewan bado ina halmashauri za vijijini 296, na swali halikomi: zote hizo za nini?

Wanaotaka ziunganishwe wana hoja nzito. Nyingi ziliundwa kati ya 1909 na 1913, mraba wa maili 18 kwa 18 uliopigwa rula juu ya nchi ambayo, upande wa kusini, wenyeji wa asili, yaani Wacree, Wasaulteaux na Waassiniboine, walikuwa wametia saini na Ufalme wa Uingereza mkataba wa ardhi uitwao Mkataba wa 4 mwaka 1874. Mlowezi alilipa dola 10 akapewa ekari 160, na diwani alifika kwenye kikao kwa farasi. Mwaka 1936 jimbo lilikuwa na mashamba zaidi ya 142,000; mwaka 2021 yalibaki kama 34,000. Watu wameondoka, lakini barabara za changarawe ziko palepale na zinataka greda, zinataka mafuta, na kodi ya ardhi inatoka kwa wachache.

Hata hivyo, nikikumbuka Sarnia, moyo unasita. Karibu mwaka 1914 halmashauri hiyo ndogo, kwa kuogopa kumpoteza daktari wake, ilianza kumlipa mshahara kutokana na kodi. Nyingine zikafuata. Mwaka 1939 Matt Anderson, mwenyekiti wa halmashauri ya McKillop, alifanikisha mpango wa matibabu wa dola 5 kwa mtu kwa mwaka. Bima ya hospitali ya jimbo zima ilikuja 1947, na ya matibabu 1962. Wazo hilo lilikuwa limekwisha kujaribiwa na wakulima waliojuana kwa majina.

Kwangu mimi, kinachofaa kuunganishwa ni magreda, karakana na ofisi. Tayari pako mahali ambapo mtendaji mmoja anahudumia halmashauri na kijiji jirani. Madiwani waachwe. Theluji ikiziba njia alfajiri na mtoto anaumwa, mkulima humpigia diwani anayelima ng'ambo ya barabara, na njia iliyozibwa ni ya wote wawili.