Modemu, CD na Bili ya Simu

Waliocheza gemu za kuigiza wahusika mtandaoni huko Marekani miaka ya 1990 hupenda kuzipa sifa mashine, kwamba ndizo zilizowezesha gemu hizo. Wana hoja. EverQuest, mojawapo ya gemu hizo, iliyotoka Machi 1999, haikukubali kompyuta isiyo na kadi ya 3D, yaani kipande cha ziada cha kuchora picha, kwa hiyo wengi walianza safari yao kwa kufungua kompyuta na bisibisi mkononi.

Ila mashine ninayoona imesahauliwa ni kisoma CD. Laini ya simu isingeweza kubeba picha za ulimwengu mzima. Milima, majumba na mazimwi vilikaa kwenye CD nyumbani kwa mchezaji. Modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na mtandao kupitia simu ya nyumbani, ikapitisha habari chache tu: nani yuko wapi, nani kampiga nani.

Hata hivyo hoja ya mashine inapwaya ukirudi nyuma kidogo. MUD, gemu ya kuigiza ya wachezaji wengi iliyoanza 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, kwa mikono ya Roy Trubshaw na Richard Bartle, ilikuwa maandishi matupu, na bado ilipata wapenzi wake. Kilichowabana watu ni bei. Mwaka 1985, kucheza gemu ya Island of Kesmai kupitia CompuServe, kampuni ya huduma za mtandao, kuligharimu dola 6 kwa saa kwa modemu ya kasi ya biti 300 kwa sekunde, na dola 12 kwa ile ya 1200. Yaani ukinunua modemu bora, unaadhibiwa! Desemba 1996 AOL, kampuni nyingine ya mtandao, ikaweka bei moja ya dola 19.95 kwa mwezi, kaa mtandaoni utakavyo. Miezi tisa baadaye ikaja gemu ya Ultima Online, nayo kwa ada ya mwezi. Sidhani ilisadifu tu.

Na Korea Kusini? Gemu ya Lineage ya 1998 ilistawi kwenye PC bang, yaani vibanda vya kompyuta vya kulipia kwa saa. Huko kuchezea nyumbani hakukuwa sharti.

Ila nyumba ya Marekani iliacha alama yake. Mama akiinua simu jikoni, laini ilikatika, na mhusika wako alibaki amesimama mbele ya zimwi. Katika EverQuest ya miaka ile, ukifa, maiti ya mhusika wako ilibaki palepale na silaha zako zote. Ulirudi mikono mitupu, na mara nyingi hukuweza kuifikia bila wenzako kukusindikiza. Urafiki mwingi wa gemu ile ulianzia kwenye safari hizo za kufuata maiti.