Nalipa ada yote hiyo halafu mwanangu anapalilia mchicha?

Juzi baada ya kikao cha wazazi mzee mmoja kanifuata mpaka kwenye parking, mtu mstaarabu tu hana shari, akaniambia mwalimu nisamehe lakini naomba unieleweshe kidogo, mi nalipa ada yote hii, halafu kijana wangu kila Jumatano mchana yuko shule ya msingi ya serikali anapalilia mchicha, si ningempeleka tu kwa bibi yake akapalilie bure?

Tukacheka wote wawili. Ila hata baada ya kumjibu, swali nikaenda nalo nyumbani, maana mi nafundisha Kiswahili shule ya international hapa Dar lakini mwenyewe nimesoma serikali kuanzia la kwanza mpaka form six, jembe nalijua na fyekeo nalijua, na nikiwa na umri wa huyo kijana ungeniambia kuna watu wanalipia kulima ningekuona umechanganyikiwa.

Kwa ambao hamjui, ile miaka miwili ya mwisho shule nyingi za namna hii wanasoma diploma ya IB (International Baccalaureate), ule mtaala wa kimataifa ulioanzishwa Geneva mwaka 1968. Masomo sita, kila somo pointi 7, halafu kuna 3 za insha ndefu (mwisho maneno 4,000, na wanalia kweli kweli) pamoja na somo la nadharia ya maarifa, jumla 45. Juu ya hapo kuna kitu kinaitwa CAS, yaani ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii, na mchicha wa yule kijana uko humo. Haina hata pointi moja. Lakini usipoikamilisha diploma huipati, hata kama umezoa 7 masomo yote. Zamani walikuwa wanahesabu masaa, lazima yafike 150, siku hizi masaa hayahesabiwi tena, kinachotakiwa uende nayo angalau miezi 18 na uonyeshe umejifunza nini. Watoto wanaitamka "kasi", na kuna wanaoifanya kwa kasi kweli, muda ukikaribia kuisha unamuona mtu ambaye ghorofa ya kwanza tu anapanda na lifti, ghafla anacheza basketi, anafundisha gitaa na anaokota plastiki Coco Beach, vyote wiki moja.

Sasa hapa ndo penye hoja yangu. Hili wazo la kujifunza kwa kufanya kazi si geni kwetu. Nyerere katoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea (EK) Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, IB yenyewe ilikuwa haijazaliwa. Na ukiisoma vizuri mzee hakusema watoto wapewe majembe basi. Alitaka shamba na darasa viongee, mbolea ielezwe kwenye somo la sayansi halafu mtoto akaione inavyofanya kazi shambani, hesabu za shamba ziandikwe na wanafunzi wazione, na wao wenyewe wawe na sauti kwenye maamuzi.

Sisi tulipata nini? Ukichelewa namba unapimiwa mita zako unalima. Ukiongea lugha isiyotakiwa, unalima. Mwalimu wa EK alikuwa anapita na fimbo nyuma ya mstari, na mahindi yakishavunwa yanapakiwa kwenye pickup yanaenda hakuna ajuaye wapi, jioni sisi tunakula dona la wadudu kama kawaida. Miaka sita ya sekondari nimelima, sikumbuki hata siku moja mtu kuniuliza, we kijana, umeona nini kule shambani? Jembe halikuwa tatizo hata kidogo. Mpaka leo nikipita kwenye shamba la shule mgongo unakumbuka kabla ya kichwa.

Hicho ndo wenzetu wa IB wanacho, kile kiulizo cha baada ya kazi. Kila shughuli mwanafunzi anatakiwa aandike tafakari. Tatizo wengi wanaandika uongo mtamu. "Nilijisikia furaha kuwasaidia wasiojiweza." Hiyo nimeshairudisha mara sijui ngapi. Nani kakwambia hawajiwezi?

Na shule yenyewe haina usafi wa kumcheka mtoto. Tuna shule moja ya msingi huko pembezoni tunaenda kila mwaka kupaka rangi darasa. Basi linafika na AC yake, fulana zinafanana, picha zinapigwa, tunaondoka. Masika ikija ukuta unanyonya unyevu kutoka chini, rangi inabanduka yote usawa wa magoti, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza fundi chochote kabla ya kununua makopo. Mwaka unaofuata kundi lingine linapaka juu yake. Kuna kona ukiikwangua na kucha unaona njano, bluu, kijani, njano tena. Mwalimu mkuu pale ni mama mpole sana, mara ya mwisho katupokea vizuri, soda zikatoka, kisha akauliza taratibu, "Mmekuja kupaka tena?" Kila tukienda darasa moja halisomi siku mbili. Hajawahi kulisema hilo, nilihesabu mwenyewe.

Turudi kwa kijana wa yule mzee. Yeye na wenzake watatu walianzisha bustani ya mchicha kwenye viroba, pale kwenye shule ya msingi, nyuma ya jiko. Wiki ya tatu wamefika, hakuna jani hata moja, mbuzi wamemaliza. Kijana kawaka, anataka mwenye mbuzi aitwe. Mama muuza maandazi pale getini akamwambia kijana, we baba, hao mbuzi wanafungwa hapo tangu wewe hujazaliwa, nyie mmeweka viroba mmeuliza nani?

Aliniandikia ukurasa mmoja na nusu, Kiswahili chenye makosa ambayo niliyaacha makusudi, na katikati kuna sentensi hii: "Nilidhani uwanja hauna mwenyewe kwa sababu sikuona mtu." Aisee nimesahihisha insha nyingi sana lakini hiyo nimeinakili kwenye daftari langu. Viroba walihamishia upande wa pili, wazo la mama wa maandazi, wakazungushia makuti, na huyo mama anachukua mafungu yake kila wiki.

Haya yote nilimwambia mzee pale parking. Kanisikiliza mpaka mwisho, kafungua mlango wa gari, akauliza, "Kwa hiyo mchicha umeota?" Nikamwambia umeota. Akaondoka, sijui kama nilimshawishi.

Jioni nimefika kwangu, wa kwangu yuko darasa la nne, serikali, kila siku anaenda na fagio lake la chelewa. Nikamuuliza leo umejifunza nini kwenye usafi. Akaniangalia kama nimetoka mwezini. "Baba, tumefagia tu." Nikamuuliza taka mnazipeleka wapi. Akafikiria kidogo, akasema, "Tunamwaga nyuma ya choo, halafu upepo unazirudisha."